Moyo na Ini vya Mtoto Mmoja: Kuishi na Kasoro za Moyo za Kuzaliwa Pamoja na Maradhi ya Mirija ya Nyongo

Mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo hupelekwa kliniki ya moyo, na mtoto mwenye macho ya manjano hupelekwa kliniki ya ini. Wapo watoto wachache, hata hivyo, ambao hali zote mbili zimewapata kwa pamoja. Hao huwa na mafaili mawili, tarehe mbili za kurudi hospitali na mifuko miwili ya dawa, na mara nyingi mtu pekee anayeijua habari yote ya mtoto ni mama yake. Kwa familia inayoishi Ihumwa, upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, swali si ugonjwa peke yake. Ni pia safari, muda, chakula kilichopo nyumbani na ushauri wa majirani. Makala haya yanaeleza kwa nini moyo na ini huweza kuugua pamoja tangu kuzaliwa, dalili zipi hazipaswi kusubiri, na namna familia inavyoweza kumlea mtoto wa aina hii katika mazingira ya nyanda za kati.

Viungo vilivyoanza jirani

Katika wiki ya nne tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, moyo wa kiinitete huanza kupiga. Katika kipindi hichohicho kichipukizi cha ini hujitokeza kutoka kwenye utumbo wa awali, mahali palipopakana kabisa na moyo unaojengeka. Uchunguzi wa maabara umeonesha kuwa tishu za moyo hutoa ishara za kikemikali zinazoiamuru sehemu hiyo ya utumbo kugeuka kuwa ini. Hivyo basi, hitilafu inayotokea mapema katika maelekezo ya ukuaji huweza kuvigusa viungo vyote viwili, na wakati mwingine figo, macho, uti wa mgongo na bandama pia.

Ili kuelewa kinachofuata, ni vema kukumbuka kazi ya nyongo. Ini hutengeneza nyongo, nayo hupita katika mirija midogo inayokutana na kuwa mrija mkubwa, kisha huhifadhiwa katika mfuko wa nyongo na kumwagwa ndani ya utumbo. Humo hufanya kazi mbili kubwa. Husaidia mwili kusaga na kufyonza mafuta pamoja na vitamini zinazoyeyuka katika mafuta, yaani A, D, E na K. Na hubeba taka nje ya mwili, ikiwemo bilirubini, ambayo ndiyo asili ya rangi ya kahawia ya choo. Mirija ikiziba au ikiwa michache mno, nyongo hurudi nyuma. Ini huanza kujeruhiwa na kujaa makovu, bilirubini huingia katika damu na kuyafanya macho kuwa ya manjano, mkojo huwa mweusi, na choo hupauka.

Njia nne za kuugua pamoja

Kasoro za moyo za kuzaliwa si jambo la nadra: kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, takriban 8 hadi 10 huwa nazo. Maradhi ya mirija ya nyongo ni machache zaidi. Yanapokutana katika mtoto mmoja, mara nyingi sababu huwa mojawapo ya hizi nne.

Ya kwanza ni sindromu ya Alagille, iliyopewa jina la Daniel Alagille, daktari wa watoto wa Ufaransa aliyeieleza katika miaka ya 1960 na 1970. Huwapata takriban mtoto 1 kati ya 30,000. Ndani ya ini mirija ya nyongo huwa michache kuliko kawaida, na katika moyo mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu huwa imebanwa. Baadhi ya watoto huwa na kasoro nzito zaidi iitwayo tetralojia ya Fallot. Wengi huwa na paji la uso pana, macho yaliyozama kidogo na kidevu chembamba. Picha ya eksirei huweza kuonesha pingili za uti wa mgongo zenye umbo la kipepeo. Chanzo ni badiliko katika jeni, mara nyingi jeni iitwayo JAG1, ambayo uhusiano wake na ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1997. Mzazi mwenye badiliko hilo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithisha katika kila mimba, lakini kwa watoto wengi badiliko huwa limetokea upya, bila mzazi yeyote kuwa nalo.

Ya pili ni atresia ya mirija ya nyongo, ambapo mirija iliyo nje ya ini huziba kabisa katika majuma ya mwanzo ya maisha. Katika Ulaya humpata mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000, na katika Taiwan ni mara kadhaa zaidi ya hapo. Takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye atresia huwa pia na kasoro nyingine za maumbile: bandama nyingi ndogondogo badala ya moja, viungo vya tumboni vilivyobadilishana upande wa kulia na kushoto, mishipa mikubwa iliyopita njia isiyo ya kawaida, na kasoro za moyo. Atresia kwa kawaida hairithiwi, wala haisababishwi na kitu mama alichokula.

Ya tatu ni maambukizi ya rubela wakati wa ujauzito. Mama huweza kupata homa ndogo na vipele vya siku tatu tu, lakini virusi vikimfikia mtoto katika miezi ya mwanzo ya mimba huweza kumwachia mshipa wa moyo ulioshindwa kufunga, mishipa ya mapafu iliyobanwa, mtoto wa jicho, uziwi, na uvimbe wa ini wenye manjano. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne ambayo chanjo huizuia. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014.

Ya nne haianzii kwenye ini. Moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri husababisha damu kujaa katika mishipa ya ini, nalo huvimba na baada ya miaka huweza kupata makovu. Watu waliofanyiwa upasuaji wa Fontan, unaotumika kwa waliozaliwa na chumba kimoja tu cha moyo kinachofanya kazi, huhitaji kupimwa ini katika maisha yao yote, hata kama wanajisikia wazima.

Siku sitini

Mwaka 1955 daktari wa upasuaji wa Japani, Morio Kasai, alifanya kwa mara ya kwanza upasuaji ambao leo unabeba jina lake. Mirija iliyoziba huondolewa, na kipande cha utumbo wa mtoto huunganishwa moja kwa moja na ini ili nyongo ipate njia. Kabla ya hapo karibu watoto wote wenye atresia walifariki kabla ya kutimiza umri wa miaka miwili hivi, na hali ni hiyohiyo leo kwa asiyetibiwa. Upasuaji wa Kasai hufanikiwa zaidi unapofanyika kabla ya mtoto kutimiza siku 60. Kila juma linalopita baada ya hapo, makovu ya ini huongezeka na matumaini ya nyongo kutiririka hupungua.

Kikwazo kikubwa ni kuwa umanjano wa mtoto mchanga ni jambo la kawaida. Watoto wengi huwa na manjano siku ya tatu hadi ya tano, na huisha ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana mama huambiwa amweke mtoto juani asubuhi na asubiri. Lakini mwanga hausaidii umanjano unaotokana na kuziba kwa mirija, maana bilirubini ya aina hiyo imeshachakatwa na ini na inachokosa ni njia ya kutokea. Mtoto aliyewekwa juani kwa mwezi mzima, huku akinyonya vizuri na kuonekana mnene, huweza kuwa amepoteza muda wake wa thamani kuliko wote.

Kanuni ni rahisi kukumbuka. Mtoto ambaye macho yake bado ni ya manjano baada ya siku 14 apelekwe kupimwa damu, si jumla ya bilirubini pekee bali pia kiasi cha ile iliyochakatwa na ini. Wakati huohuo mama aangalie vitu viwili kwenye nepi, mchana, katika mwanga wa jua. Mkojo wa mtoto mchanga unapaswa kuwa karibu hauna rangi. Ukiwa kama chai ya rangi na kuacha doa kwenye kitambaa, si kawaida. Choo kinapaswa kuwa cha manjano iliyokolea, kijani au kahawia. Kikiwa cheupe kama chokaa, au kimepauka kama udongo mkavu, mtoto aende hospitali siku hiyohiyo. Taiwan ilianza mwaka 2004 kumpa kila mzazi kadi yenye picha za rangi za choo, na tangu hapo watoto wengi zaidi wamefika kwenye upasuaji kabla ya siku 60.

Tanzania mama hurudi na mtoto kliniki kwa chanjo ya wiki ya sita, yaani siku ya 42. Siku hiyo bado kuna zaidi ya wiki mbili kabla ya siku 60. Swali moja la muuguzi, “Mama, choo cha mtoto kina rangi gani?”, likiulizwa siku hiyo kwa kila mama na jibu lake likaandikwa, huweza kubadili mwelekeo wa maisha ya mtoto.

Dalili za moyo nazo zitazamwe katika ziara hiyohiyo. Mtoto anayetoka jasho na kuchoka anaponyonya, anayepumua haraka hata akiwa amelala, au asiyeongezeka uzito, asikilizwe moyo. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, rangi ya bluu huonekana vizuri zaidi kwenye ulimi na fizi, na manjano huonekana kwenye weupe wa macho. Kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachobanwa kwenye mguu huweza kugundua upungufu ambao jicho halijauona.

Njia ya rufaa kutoka Ihumwa

Mkazi wa Ihumwa ana bahati ambayo wakazi wengi wa vijiji vya mbali vya nyanda za kati hawana: hospitali kubwa haiko mbali. Kutoka zahanati au kituo cha afya, mtoto huweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ambayo ilizinduliwa mwaka 2015. Vipimo vya damu, picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti na picha ya moyo ndivyo vya kuanzia. Upasuaji mgumu wa moyo wa watoto hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam, iliyoanzishwa kama taasisi inayojitegemea mwaka 2015. Katika eneo hilohilo iko Hospitali ya Taifa Muhimbili, yenye mabingwa wa watoto na wa upasuaji wa watoto. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeifanya safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam kuwa ya saa chache, jambo lenye uzito kwa mtoto anayehitaji kunyonya na kupumzika njiani.

Mambo mawili huokoa muda katika njia hiyo. La kwanza, barua ya rufaa iandike umri wa mtoto kwa siku, si kwa miezi. “Siku 45, choo cheupe” humfanya anayepanga foleni aelewe haraka. “Mwezi mmoja na nusu, manjano” haimshtui mtu. La pili, familia iwe na daftari moja linalokwenda kila kliniki. Humo kuandikwe uzito wa mtoto kila mwezi, rangi ya choo, kiwango cha oksijeni, majibu ya vipimo vya damu, na kila dawa pamoja na kipimo chake. Daktari wa moyo asome alichoandika daktari wa ini, na kinyume chake.

Kipi kitangulie?

Wazazi huuliza swali hili mapema, na halina jibu moja kwa watoto wote. Upasuaji wa Kasai hauwezi kusubiri, lakini dawa ya usingizi huweza kuwa hatari kwa mtoto mwenye kasoro nzito ya moyo. Kwa hiyo kila mtoto mwenye atresia hupaswa kupigwa picha ya moyo kabla ya upasuaji. Kasoro ndogo huachwa kwanza. Ile inayotishia maisha hutibiwa au kutulizwa mapema iwezekanavyo ili ini lisipoteze muda. Mtaalamu wa usingizi huhitaji kukaa meza moja na daktari wa moyo na daktari wa upasuaji kabla ya siku yenyewe.

Hata Kasai iliyofanikiwa si mwisho wa ugonjwa. Wengi wa watoto hao huhitaji ini jipya baadaye, wengine utotoni, wengine wakiwa watu wazima. Jaribio la kwanza la kupandikiza ini kwa binadamu, lililofanywa na Thomas Starzl nchini Marekani mwaka 1963, lilikuwa kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye atresia. Mtoto huyo hakunusurika. Leo mzazi huweza kutoa kipande cha ini lake, nalo hukua upya, na watoto wengi waliopandikizwa huishi na kusoma kama wenzao. Familia kadhaa za Tanzania zimelazimika kusafiri hadi India kwa ajili ya huduma hiyo.

Hapa moyo huingia tena katika hesabu. Kwa mtoto mwenye sindromu ya Alagille, mishipa ya mapafu iliyobanwa sana huweza kuufanya moyo ushindwe kustahimili saa za upandikizaji, hivyo hupimwa na pengine kutanuliwa kwanza. Aidha, mzazi anayetaka kutoa ini achunguzwe yeye mwenyewe. Mzazi huweza kuwa na badiliko lilelile la jeni bila kuugua waziwazi, na ini lake likawa na mirija michache.

Chakula katika nyumba ya nyanda za kati

Mtoto mwenye ini na moyo dhaifu hutumia nguvu nyingi kuliko mwenzake na kufyonza chache kuliko yeye. Baadhi huhitaji nishati hadi mara moja na nusu ya kiasi cha kawaida. Maziwa ya mama yaendelee. Madai kuwa maziwa ndiyo yanayomtia mtoto manjano yasimfanye mama mwenye mtoto wa aina hii aache kunyonyesha. Mtoto anayechoka anyonyeshwe kidogokidogo na mara nyingi, au apewe maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe.

Akianza kula, uji mwepesi wa uwele au mtama humjaza tumbo bila kumpa nguvu ya kutosha. Uji uwe mzito kiasi, uongezwe maziwa, yai au unga wa dagaa. Mlenda na mboga nyingine za majani ni vyakula vyema, lakini visichukue nafasi ya chakula chenye nishati. Mafuta ya alizeti, yanayopatikana kwa wingi Dodoma, huhitaji nyongo ili kufyonzwa. Sehemu yake hupita bure kwa mtoto asiye na nyongo ya kutosha. Kuna mafuta maalumu yanayofyonzwa bila nyongo, ambayo mtaalamu wa lishe huyapanga. Mafuta ya nazi ya kupikia yana sehemu ndogo tu ya aina hiyo, hivyo hayawezi kuyabadili mafuta hayo kikamilifu. Chumvi ipunguzwe iwapo mtoto amejaa maji tumboni au miguuni. Nyama, maharage na mayai visikatazwe kwa hofu ya “kulichosha ini” isipokuwa kwa agizo la daktari, maana mtoto asiyepata protini hudhoofika misuli na kinga.

Vitamini A, D, E na K hutolewa kwa vipimo vikubwa kuliko vya kawaida na hazipaswi kukatizwa. Kukosa D hulainisha mifupa, na kukosa K huzuia damu kuganda. Mtoto mwenye upungufu wa K huweza kuvuja damu ndani ya kichwa bila kuumia popote. Kwa sababu hiyo kukata kimeo na kung’oa meno ya kitoto kwa njia za kienyeji ni hatari kubwa kwake. Tohara nayo, iwe ya hospitali au ya jando, isifanyike kabla daktari hajapima uwezo wa damu kuganda na kuridhia.

Jambo moja ni la pekee kwa ukanda huu. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu wapatao 20. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizokauka vibaya, nayo hushambulia ini. Haiondoki kwa kupikwa. Kwa nyumba yenye mtoto mwenye ugonjwa wa ini, mahindi na karanga zikaushwe juu ya turubai na si juu ya udongo, punje zilizobadilika rangi, kusinyaa au kuota kuvu zitupwe na zisisagwe kuwa unga wa lishe, na ghala liwe kavu. Unga wa uji wa mtoto usagwe kwa nafaka zilizochambuliwa kwa mkono.

Kuwashwa, dawa na joto

Katika sindromu ya Alagille, mateso makubwa ya kila siku huweza kuwa kuwashwa. Asidi za nyongo zilizorudi mwilini humfanya mtoto ajikune hadi kutoka damu, akose usingizi na kuwakosesha wazazi. Kucha zikatwe fupi, nguo ziwe za pamba, aogeshwe maji yasiyo moto, na ngozi ipakwe mafuta yasiyo na manukato. Dawa kama asidi ya ursodeoksikoli, kolestiramini na rifampisini hutumika. Kolestiramini hunasa dawa nyingine tumboni, hivyo itenganishwe nazo kwa saa kadhaa kama daktari alivyoelekeza. Rifampisini ni dawa ijulikanayo kwa kutibu kifua kikuu na hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Familia iambiwe mapema ili isishtuke, na majirani wasidhani mtoto ana kifua kikuu. Tangu mwaka 2021 nchi kadhaa zimeidhinisha dawa mpya za kuzuia asidi za nyongo kurudi mwilini, ingawa bei yake ni kubwa mno.

Dawa za mitishamba zisitumike hata zikisifiwa kuwa husafisha ini, kwa kuwa ini ndilo linalobeba mzigo wa kuzichakata. Parasetamoli itolewe kwa kipimo cha uzito na si kwa kukadiria. Diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe dukani bila ushauri, maana huweza kuchochea kuvuja damu tumboni na kudhuru figo.

Dodoma hupata mvua kidogo, na miezi mingi ya mwaka ni mikavu. Kwa mtoto ambaye moyo wake humfanya kuwa wa bluu, damu huwa nzito kuliko kawaida, na upungufu wa maji mwilini huweza kuifanya igande ndani ya mishipa. Siku za joto anywe mara kwa mara, isipokuwa daktari wa moyo amempangia kiasi maalumu. Akiharisha au kutapika asisubiri hadi kesho. Akipatwa ghafla na bluu na kuhema kwa nguvu, akunjwe magoti hadi kifuani, atulizwe na akimbizwe hospitali.

Chanjo zote zitolewe kwa wakati. Mtoto mwenye bandama zisizofanya kazi hushambuliwa kwa ukali na baadhi ya bakteria pamoja na malaria, hivyo chandarua ni sehemu ya tiba yake. Meno yapigwe mswaki kila siku, kwa kuwa bakteria wa kinywani huweza kuingia katika damu na kuota kwenye moyo wenye kasoro.

Dalili zisizosubiri asubuhi ni homa kwa mtoto aliyefanyiwa Kasai, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, tumbo kujaa ghafla, umanjano kurudi au choo kupauka tena, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, na damu isiyokoma puani au kwenye fizi.

Kukua

Mtoto anayefikia umri wa shule ana haki ya kusoma. Mwalimu aelezwe kwa maandishi kuwa macho ya manjano hayaambukizi wenzake, kwamba mtoto huchoka haraka na aruhusiwe kupumzika, na kwamba mwenye bandama iliyovimba hapaswi kucheza michezo ya kugongana tumbo. Nyumbani, lawama zinazomwelekea mama, kwamba alikiuka mwiko au kwamba ukoo wake una mkosi, hazina msingi wowote na humchelewesha mtoto kutibiwa. Baba anayeambatana kliniki hata mara chache husikia maelezo mwenyewe na huwa mtetezi mbele ya ndugu.

Kijana afundishwe majina ya maradhi na dawa zake kabla hajaondoka katika kliniki ya watoto. Binti aliyekua na hali hizi azungumze na madaktari wake kabla ya kubeba mimba, kwa sababu moyo na ini vyote hubeba mzigo mkubwa wakati wa ujauzito. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huweza visimfae. Mwenye sindromu ya Alagille aelezwe pia uwezekano wa kurithisha, ili mtoto wake apimwe moyo na nyongo tangu siku za kwanza.

Watoto wenye maradhi haya bado wanahitaji mambo ambayo mfumo wa afya haujayakamilisha kwa wote. Lakini hatua ya kwanza haihitaji mashine. Inahitaji mama anayetazama nepi mchana, muuguzi anayeuliza rangi ya choo siku ya 42, na barua ya rufaa inayohesabu umri kwa siku.